Jiko la Kioo la Wifi Zuhura

Walipokuja kunipa pole ya kufiwa na wifi yangu Zuhura, nilikaa mkekani kama wafiwa wengine, nikainamisha kichwa, nikajibu, "Tumeshapoa, alhamdulillahi." Ulimi ulisema hivyo. Moyo ulikuwa na yake: mwanamke huyu aliwahi kunitolea vyombo nje mchana kweupe, leo nimlilie mimi? Basi nikalia. Usiniulize nililia nini. Tanga lilipokwisha na mikeka kukunjwa, mwanawe Hamidu, aliyetoka Dar es Salaam kuja kumzika mama yake, aliingia jikoni akanikuta nahangaika na jiko langu la gesi. Plati moja imeziba, ya pili inatoa moto wa njano unaopaka sufuria masizi. Akalitazama kwa huruma ile ya vijana wenye mshahara. "Mama," akaniambia, maana ananiita mama kwa adabu ingawa mimi ni mke wa mjomba wake, "hili halikufai tena. Nikuletee lipi? La gesi jipya, au lile la umeme, la kioo, kama alilokuwa nalo marehemu?" Mtoto wa watu hakujua alichokigusa. Niliweka upawa chini nikamwambia akakae kibarazani, nitamjibu nikimaliza kupika. Nilikuwa na hasira, tena hasira ya zamani, ambayo nilidhani imezikwa juzi pamoja na mwenyewe.

Wapo watu ukiwauliza mwaka uliowafunza dunia watakutajia wa shule, au wa kuolewa. Mimi wangu ulinikuta nina mvi kichwani na eda ya mume wangu imekwisha juzi. Kabla ya hapo nilijiona mtu mzima, kumbe nilikuwa sijaguswa. Jiko lenyewe, hili la gesi lenye plati mbili, alilileta mume wangu Shaibu mwaka ule ule aliofariki. Mimi nilipikia kuni na mkaa tangu nilipoletwa hapa Kilindoni kuolewa, nikitokea kisiwa cha Jibondo, macho yangu yakawa mekundu hata wageni wakidhani nimekasirika. Nilikuwa nimekasirika pia mara nyingi, lakini si kwa moshi. Siku hiyo Shaibu alishusha mtungi kwenye pikipiki, akaufunga mwenyewe, akapaka povu la sabuni kwenye mpira kutazama kama unavuja, akawasha kiberiti amegeuza uso pembeni kwa woga, moto wa buluu ukatoka. "Haya," akasema, "pumzisha macho." Hakuwa mtu wa maneno. Hayo ndiyo maneno matamu niliyopata kwake, na jiko hilo ndilo nililokuwa nikilifuta kila asubuhi ndani ya eda, nikiwa nimejifunika kanga, nyumba kimya.

Zuhura alikuja kwa msiba wa kaka yake na begi moja. Matanga yakaisha, akaagiza mabegi mengine. Sikumwuliza, maana nyumba ilikuwa ya wazazi wao. Yeye alikuwa na fungu lake, mimi nilikuwa na fungu lililotoka kwa mume wangu, na sheikh alishatueleza wote wawili tumekaa mbele yake kwamba hakuna wa kumtoa mwenzake. Zuhura alitikisa kichwa kwa heshima kubwa. "Sawa kabisa, sheikh." Nami nikamwamini, mjinga mimi. Wahenga walishasema akufukuzaye hakwambii toka, na kanga yenye maneno hayo ninayo kabatini, lakini nilikuwa sijawahi kuyaona maneno hayo yakitembea na miguu miwili na kuniamkia asubuhi. Alianza taratibu. Harufu ya gesi inamwumiza kichwa. Mtungi unamnyima usingizi. "Unalala na bomu, Mwanaidi," akaniambia tukinywa chai ya maziwa na mihogo ya kuchemsha pale pale jikoni, mimi kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, yeye kwenye kiti cha plastiki alichokuja nacho. "Kule mjini watu wameshaachana na gesi. Unabonyeza tu, maji yanachemka, na kioo hakikuunguzi."

"Umeme ukikatika utakula hicho kioo?" nikamwuliza.

"Na boti isipovuka na mitungi, wewe utakula nini? Mpira?"

Hapo alinipata, siwezi kukataa. Bahari ikichafuka boti za kutoka bara, Nyamisati, hazivuki, na zisipovuka mtungi mtupu unakaa dukani na mwenzake mtupu. Nikamwambia afadhali gesi, nikiishiwa nina mkaa. Akanijibu mkaa ni ushamba. Nikamwambia ushamba ndio uliomlea. Tukabishana hivyo siku nyingi, na ukitusikiliza ungedhani ni wanawake wawili wanaojali mapishi. Nilikuja kujua kilichomo moyoni mwake siku neno lilipomponyoka. Alikuwa anasifia kioo kwamba unakifuta kwa kitambaa kimeisha, hakichafui ukuta, na wageni wanapenda usafi. "Wageni gani?" nikauliza. Akachovya muhogo kwenye chai, akautafuna pole pole. Kisha akasema wale wageni wanaokuja kuogelea na papa potwe, wale samaki wakubwa wasiouma, msimu ukifika, wamejaa mahoteli, na nyumba kama hii, vyumba vitatu, hatua chache na bahari, inakaliwa na mtu mmoja na paka. "Wewe ungekaa kile chumba cha uani," akasema. "Kinatosha. Kina hewa." Kile chumba cha uani tulikuwa tunawekea nazi na madumu. Mlango wake mbuzi aliuvunja na haukutengenezwa. Nikamwambia, "Zuhura, mimi chumba cha uani nitaingia nikiwa maiti mnanikosha." Akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, Mungu amrehemu, cha kuudhi.

Jiko la kioo lilifika na boti ndani ya boksi lenye picha ya mzungu anayetabasamu. Nilitoka kwenda kumjulia hali mgonjwa Ndagoni, nikarudi na pikipiki alasiri, na nilipopita kwenye kona ya msikiti nikaona watu wananitazama sivyo. Jirani yangu Bi Mwajuma alinilaki barabarani, kanga imemteleza kichwani. "Mwenzangu," akasema, "kulikoni? Nani kakuacha, na mume wako yuko kaburini?" Nikaangalia juu ya ua wa makuti. Vyombo vyangu vyote vilikuwa nje. Sufuria za alumini nilizoolewa nazo, zile kubwa na ndogo zinazoingiana, kikaango, birika, mpaka chungu cha mama mkwe wangu cha kupikia pweza, vimepangwa juani kwenye mkeka mkuukuu. Kwetu mwanamke akiachwa, vyombo vyake ndivyo hutangulia kutoka nje, watu wanaviona, kisha wanakuja kuuliza. Hata mtoto mdogo anajua maana yake. Na Zuhura alizaliwa katika nyumba hiyo, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba hakujua.

Nikamkuta jikoni ana sumaku mkononi, ile ya umbo la nanasi iliyokuwa inabandikwa kwenye friji. Alikuwa anaipitisha kwenye kila kilichobaki. Anaigusisha kwenye upawa, inateleza. Anaigusisha kwenye sinia, inateleza. "Hili jiko linataka chuma," akanieleza kwa sauti ya mwalimu wa chekechea. "Sumaku isiponasa, jiko halikiwashi chombo. Nimevijaribu vyote, Mwanaidi, kimoja kimoja, sikukuonea. Vyako havina sumaku." Kwenye rafu zilikuwa zimekaa sufuria zake mpya, nzito, nyeusi, zinang'aa. Jiko lenyewe lilikuwa juu ya meza mahali pa jiko langu, jembamba, jeusi, limetulia. Jiko langu lilikuwa chini sakafuni na mtungi wake. Nilitaka kumshika nywele, wallahi, na umri wangu ule. Nilichomwambia ni hiki: "Vimetoka kwa mkono wako. Vitarudi kwa mkono wako. Mimi sikiinui hata kijiko." Akasema, "Basi vitaota nyasi."

Nikabeba mtungi nikaupeleka uani. Nikaweka jiko langu juu ya matofali, nikalizungushia vipande vya bati kukinga upepo, nikaanza maisha. Nyumba moja ikawa na majiko mawili, la kioo ndani na la gesi nje, na wanawake wawili wasiosalimiana mpaka atokee mtu wa kutuona. Akitokea ilikuwa, "Wifi yangu, umeamkaje?" "Salama wifi yangu, sijui wewe." Akiondoka, kimya. Upepo ulinitesa. Kusi ikivuma inapita juu ya bati inazima moto, nawasha, inazima, kiberiti kinaisha, na ndani nasikia jiko la kioo linalia "pip, pip" na Zuhura anaimba. Umeme ukikatika ndipo ilipokuwa zamu yangu. Nilikuwa nasubiri huo umeme ukatike kama wengine wanavyosubiri mwezi wa Idi. Ukikatika tu, nakaanga samaki changu kwa kitunguu saumu na ndimu chini ya dirisha lake, napepea na kawa harufu iingie vizuri ndani, namsikia anafungua mkate wa dukani. Siku bahari ilipochafuka na mtungi wangu ukaisha, alikuja mlangoni na kikombe cha chai ya moto, akainywa amesimama, ananitazama napuliza mkaa. Hakunikaribisha. Ningekaribishwa ningekataa, lakini angekaribisha.

Bi Mwajuma alinishauri nirudishe vyombo ndani, yaishe. "Utaugua kwa kupika kwenye upepo kwa ajili ya sufuria." Sikumwelewesha, kwa sababu ilikuwa vigumu kueleza bila kuonekana nimepungukiwa akili. Jioni moja, kabla ya magharibi, nilikuwa nakuna nazi chini ya dirisha la jikoni, Zuhura yuko ndani kwenye simu na sijui nani wa mjini, na sauti ya mbuzi yangu hakuisikia kwa vile yeye akizungumza hasikii kitu. "Hatoki kwa maneno," alikuwa anasema. "Nimemtoa jikoni tu, basi. Mwanamke asiye na jiko ndani ya nyumba atakaa mpaka lini? Mvua za masika zikianza atahamia mwenyewe kile chumba cha uani, kisha atakumbuka kwao Jibondo." Nilikaa na nusu ya kifuu mkononi. Nilijua ananichukia, hilo halikunishtua. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa amepiga hesabu vizuri. Mvua zilikuwa zinakuja kweli, na mimi kweli kile chumba nilishaanza kukitazama, nilishaanza kufikiri mlango utengenezwe vipi. Nikakuna nazi mpaka kumbe nakuna kifuu kitupu.

Wageni wake wa kwanza walifika kabla ya mvua, mume na mke kutoka Dar es Salaam, watu wa heshima, wakaniamkia shikamoo pale uani kwenye moshi wangu, nikaitika marahaba. Nadhani walinichukulia mpishi. Walirudi mchana kutoka baharini kuwatazama papa potwe, njaa imewakamata, na Zuhura alikuwa amewaahidi wali wa nazi wa kikwetu na samaki wa kupaka. Nilimwona kupitia dirishani. Alifanya vyote sawasawa, tui la kwanza, tui la pili, akabonyeza, kioo kikalia. Wali ukakauka chini, lakini juu ukabaki na kiini. Akaonja kwa ncha ya mwiko, akatema. Akaongeza moto, akapunguza. Jiko lile linatoa moto chini tu, na wali wa nazi kwetu hauivi kwa moto wa chini peke yake. Lazima upaliwe, makaa juu ya kifuniko, ndipo punje ziachane na harufu itoke. Gesi yangu nayo haiwezi hilo, ndiyo maana pembeni yake kila siku nilikuwa na jiko langu dogo la mkaa. Zuhura aliyajua haya kabla ya kujua kusoma. Miaka yake yote ya mjini haikumtoa ladha hiyo mdomoni.

Akatoka uani. Mara ya kwanza tangu vyombo vitoke. Hakunisalimu. Akachukua koleo langu, akachota makaa yangu kwenye sinia, akageuka. Nikajua anakokwenda nayo. "Zuhura!" nikaita. "Hicho ni kioo!" Akajibu bila kugeuka, na sauti yake ilipasuka katikati: "Usinifundishe kupalia wali nyumbani kwa mama yangu!" Nikamfuata mpaka mlangoni. Akayamwaga juu ya kifuniko, na vifuniko vya sufuria zake mpya vilikuwa vimebinuka juu, si bapa kama vyetu. Makaa yakayumba, matatu yakateleza, yakaanguka juu ya kioo. Mimi ni mtu wa Jibondo. Kisiwa kile maji yalikuwa yanakuja kwa mashua, na hakuna mama wa Jibondo aliyekulia zama hizo atakayemwagia kaa maji. Unachota mchanga unalifunika. "Mchanga, Zuhura!" nikapiga kelele. "Mchanga, siyo maji!" Yeye alishanyakua kikombe cha maji, akamwaga. Kioo kikalia "pah!" Nyufa zikakimbia pande zote, jiko likatoa harufu ya nyaya, na umeme wa nyumba nzima ukajizima. Feni ya sebuleni ikaanza kupunguza mwendo. Yule mgeni wa kiume akauliza kwa upole kama kuna tatizo.

Nilitamani kucheka, nikacheka. Sitasingizia. Nilishika fremu ya mlango nikacheka mpaka machozi, na Zuhura amesimama na kikombe, maji ya kijivu yanadondoka miguuni pake. Kisha nikaacha, si kwa huruma, ila raha iliisha. "Wali haujaharibika," nikamwambia. "Gesi yangu inawaka. Mkaa upo. Dakika chache tu wageni wako wanakula." Akachukua vitambaa viwili akashika masikio ya sufuria. Nikakaa katikati ya mlango. "Kwanza vyombo vyangu."

"Mwanaidi, wageni wana njaa."

"Ndiyo maana fanya haraka."

Akaweka sufuria, akatokea mlango wa mbele, akaenda kwenye mkeka uliokuwa umeoza kwa jua, akainama. Alizibeba moja moja, zile ndogo zikiwa na majani ndani na kinyesi cha kuku, akapita nazo mlango ule ule wa mbele kwa kuwa wa nyuma nilikuwa nimeukalia mimi, akakatiza sebuleni mbele ya wageni wake, akazirudisha kwenye rafu. Bi Mwajuma alisimama juu ya ndoo ili aone vizuri kupita ukuta wa makuti. Chungu cha mama yake Zuhura alikibeba mwisho. Hicho alikifuta kwa kanga yake kabla ya kuingia. Mimi nikatenga wali kwenye gesi, nikapunguza moto, nikaupalia. Wageni wakala wakasifu, wakaomba ukoko. Hawakurudi tena, wala hawakuja wengine. Mimi nilirudisha jiko langu mahali pake siku ile ile, na kile chumba cha uani kiliendelea kukaa nazi.

Mtu asinidanganye kwamba baada ya hapo tulipendana. Alibaki nyumbani, maana fungu lake lilikuwa lake, akapika kwenye gesi yangu na sufuria zake nzito, mimi na zangu, kila mmoja plati yake. Siku ile ile jioni, tunakula kiporo cha wali wa wageni, kila mtu na sahani yake, alivunja kimya kwa neno hili: "Mama alikuwa anapalia kwa makumbi ya nazi, siyo mkaa. Mkaa hauna harufu." Nikamwambia mama yake hayupo. Akasema, "Makumbi yapo." Na neno hilo alilisema kila nilipopika wali wa nazi mpaka alipolala kitanda cha kufa. Nilimpelekea wali kitandani, akaonja punje chache, akafumba macho. "Mkaa," akasema. Nikamwambia, "Meza, hasidi we." Akameza.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo kichwani huku Hamidu ananingoja kibarazani. Siku hiyo jamaa walikuwa waje kugawana vitu vya marehemu, na sufuria zake nilishazipeleka uani mwenyewe tangu asubuhi. Nilizipanga kwa furaha, nisiwe mnafiki. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo miaka. Bi Mwajuma akapita, akasimama ukutani, mzee sasa, ndoo haiwezi tena. "He! Vyombo nje tena?" Nikazitazama zile sufuria juani, nyeusi, nzito, hazina mtu. Nikaanza kuziingiza. Hamidu akaja mbio kunisaidia nikamkataza. "Jamaa zako wakija waambie wachukue kanga na mabegi. Sufuria hazitoki."

"Na jiko, mama? Hukunijibu."

"Gesi," nikamwambia. "Plati mbili, na mtungi wa akiba. Kioo kinachagua vyombo. Gesi itapokea vyangu na itapokea vya mama yako."

Kisha nikapika wali wa wafiwa kwenye sufuria kubwa ya Zuhura, juu ya ile plati moja yenye moto wa njano. Tui lilipokauka nilikwenda chumba cha uani, nikachukua makumbi, nikayawasha, nikakigeuza juu chini kile kifuniko chake kilichobinuka, nikayapanga humo yakatulia. Moshi ukaniingia machoni kama zamani. Harufu ikatoka ikajaa nyumba, ikatoka barabarani, harufu ambayo katika miaka yangu yote ya ndoa sikuwahi kuitoa kwenye sufuria. Bi Mwajuma alikuja na sahani yake bila kuitwa. Akafumba macho, akavuta pumzi.

"Mwenzangu," akasema, "leo umepalia na nini?"

"Mkaa," nikamjibu.